Makapi Mabichi

Mama Umi alipuliza mara ya kwanza, mshale ukasogea kidogo tu. Akapuliza mara ya pili, ukaishia pale pale. Mara ya tatu hewa ilimkatikia njiani, akabaki amekishika kile kibomba cha plastiki cha kupimia pumzi mdomoni, macho yamemtoka na mate yanamchuruzika hadi kwenye leso. Mlango wa chumba cha daktari ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Nje, kwenye benchi, msichana mmoja aliyepakata mtoto alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Fauzia aliusikia mcheko ule akaupuuza. Alimfuta mama mkwe wake mdomo kwa ncha ya mtandio, akamwegemeza ukutani.

"Inatosha, mama," alisema Maurine, yule tabibu wa zahanati, huku akiandika. "Nyumbani kuna mtu anavuta sigara?"

"Kwetu hakuna," Fauzia alijibu. "Wala bangi wala sigara."

"Mnapikia nini?"

"Kuni."

"Jikoni kuna dirisha?"

"Madirisha mawili," Mama Umi alidakia, sauti ikitoka vipande vipande. "Marehemu mume wangu aliyatoboa mwenyewe."

Maurine aliweka kalamu chini. Hakuwa na umri mkubwa, lakini alikuwa na ule uchovu wa mtu anayewaona wagonjwa wale wale kila wiki. "Mwezi huu nimepokea watu tisa kutoka upande wenu, na wote kifua. Watatu ni watoto ambao hawajaanza hata shule. Mnakaa karibu na kile kiwanda cha sukari nguru cha Andati, sivyo? Hebu niambieni, pale wanachomanga nini?"

Fauzia alifungua mdomo, lakini Mama Umi alimtangulia.

"Makapi ya miwa," alisema yule mzee. "Wanachoma makapi. Kila mtu anajua."

Daktari alimtazama Fauzia. Fauzia aliyatazama malapa yake. Alitoka pale na dawa ya kuvuta kwa mdomo, karatasi ya kurudi baada ya wiki mbili, na neno la Maurine kwamba ataiandikia ofisi ya mazingira waje wajionee wenyewe. Kutoka mlango wa zahanati hadi barabarani ni hatua themanini hivi. Mama Umi alipumzika mara nne. Mara ya nne aliketi juu ya jiwe, akamshika mkwewe mkono.

"Yakub asijue tuliulizwa," alisema.

* * *

Yakub Osundwa ndiye aliyekuwa akichochea moto wa kiwanda kile. Alikuwa mtu wa maneno machache, mrefu, mwenye nyusi zilizoungua nusu, na watu wa Matungu walimheshimu kwa kazi yake. Sukari nguru hupikwa kwa maji ya miwa ndani ya makarai makubwa manne yaliyopangwa juu ya tanuri refu, na moto ukilegea kwa saa moja maji yale huchacha, yakawa ya kumwaga. Moto ukizidi, sukari inaungua, inakuwa chungu. Yakub aliujua moto kwa rangi na kwa mlio. Andati mwenyewe, mwenye kiwanda, alikuwa akisema mbele ya wageni kwamba mtambo ni wake lakini moto ni wa Yakub.

Moto huo ulikuwa ukilishwa makapi, yaani yale mabaki ya muwa baada ya kukamuliwa. Hutandazwa uwanjani yakaanikwa siku mbili tatu, yakikauka yanawaka kama karatasi na moshi wake ni mweupe, wa kupita. Kuanzia Desemba hadi Februari jua la Matungu lilikuwa halimkosei mtu. Watu walioa wakati huo, walijenga, walianika. Lakini mwaka uliotangulia mvua za masika zilichelewa hadi miwa ikawa mikavu kama fimbo, na mwaka huu, siku nne baada ya mwaka mpya, mvua ilianza kunyesha na haikukoma. Wazee walisema hawajapata kuona Januari ya namna hiyo. Makapi yalilala uwanjani yakilowa, yakaota ukungu, yakanuka kama pombe. Ukiyatia tanurini yanatoa mvuke na machozi tu.

Tangu wakati huo, moshi wa kiwanda ulikuwa mweusi. Ulitoka mzito, ukainama upande wa chini ambako nyumba ya Yakub ilikuwa ya tatu.

Alasiri ile Fauzia alikuwa nyuma ya nyumba akifua ovaroli ya mumewe. Maji ya karai yalikuwa meusi yenye mafuta juu. Yakub alikuja akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Mama anaendeleaje?"

"Amepewa dawa ya kuvuta." Fauzia aliendelea kusugua. "Baba Raisa, mnachoma nini pale?"

"Makapi."

"Na nini?"

Kuku alipita kati yao akidonoa povu la sabuni.

"Mimi ndiye ninayefua nguo zako," Fauzia alisema. "Makapi hayanuki hivi. Tangu mwezi wa kwanza ninafua harufu ya mpira. Nikimaliza, inabaki mikononi. Ninasonga obusuma nayo, mnakula."

"Matairi," Yakub alisema mwishowe. "Na soli za viatu. Zinakujanga na lori kutoka Kisumu. Andati anasema ni kwa muda tu, mpaka jua lirudi."

"Na mama yako unamsikia usiku?"

"Namsikia." Alijiinamia akawa kama anaongea na mchanga. "Unafikiri simsikii? Ninatia tairi motoni, halafu ninatazama moshi unakoelekea. Ninauona ukiteremka mpaka kwenye bati letu. Lakini niache moto uzime? Miwa ya watu imekatwa, iko uwanjani. Miwa ya Rosebella, ya kina Osiako, ya kila mtu. Na Raisa yuko bweni huko Butere, shule ikidai karo haiulizi kama mvua ilinyesha."

Fauzia aliikamua ovaroli kwa nguvu, maji meusi yakamwagika miguuni. Kila alichosema mumewe kilikuwa kweli, na ukweli huo haukuwa na mahali pa kumlaza Mama Umi.

* * *

Jumatano iliyofuata, saa mbili asubuhi, trekta ya Andati iliingia uani ikivuta tela. Andati alishuka nyuma yake kutoka kwenye gari lake, amevaa koti zuri la kijivu. Alikuwa jirani yao tangu utotoni. Aliacha viatu mlangoni kwa adabu, akaingia kumsalimia Mama Umi, akampa mabonge mawili ya sukari nguru yaliyofungwa katika jani la mgomba.

"Asalaam aleikum, mama. Kifua kimepoa?"

"Aleikum salaam, mwanangu. Namshukuru Mungu."

Halafu alitoka, akasimama na Yakub karibu na tela. Fauzia alikuwa hatua tano kutoka kwao, ameshika ufagio, lakini Andati aliongea kama pale pamesimama mti.

"Watu wa mazingira wanakuja leo. Nimepigiwa simu. Hizi zikae hapa kwako mpaka jioni, siku moja tu. Weka hapo nyuma, penye kuku."

Kwenye tela kulikuwa na matairi. Mengine yalikuwa mazima ya lori, mengine yamekatwa vipande, na juu yake magunia matatu ya soli za viatu.

"Na kiwanda kitawaka na nini?" Yakub aliuliza.

"Nimetafuta makapi makavu kwa mtu wa Butere, magunia kumi. Yatatosha kutoa moshi mweupe saa mbili tatu. Hawakai zaidi ya hapo hao." Alimgusa bega. "Yakub, hii si yangu peke yangu. Wakifunga, ni sisi sote."

Yakub alimtazama mkewe. Fauzia alisubiri aseme neno. Mumewe aligeuka akaanza kushusha matairi.

Waliyapanga kati ya jiko na banda la kuku, wakayafunika kwa turubai la buluu, na juu ya turubai wakatupa kuni za Fauzia. Kuku walikosa pa kuingia, wakawa wanazunguka pale wakilalamika. Andati alipoondoka, Fauzia alimwambia mumewe jambo moja tu.

"Ungeniuliza. Hapo ni jikoni kwangu."

"Ningekuuliza ungesemaje?"

"Ndiyo maana hukuuliza."

* * *

Afisa alikuwa msichana wa kama miaka thelathini aliyejitambulisha kwa jina la Jeruto. Alivaa buti za mpira na fulana ya kazini, na mgongoni alibeba chombo kidogo cha kupimia hewa. Alikaa kiwandani saa moja na nusu. Moshi uliotoka siku hiyo ulikuwa mweupe kama wa sufuria ya maziwa, na watu waliokuwa wakipita walishangaa. Kisha akafungua bahasha ya zahanati, akasema anataka kumwona mgonjwa wa kwanza kwenye orodha.

Ndivyo msafara ulivyoingia kwa Yakub: Jeruto mbele, Andati pembeni yake akimwonyesha njia, Yakub nyuma na jasho la tanurini bado usoni, na Rosebella, jirani wa ng'ambo ya ua, aliyekuja kwa sababu miwa yake ilikuwa uwanjani kwa Andati na alitaka kujua hatima yake. Mama Umi alikuwa ameketi barazani juu ya mkeka, amenyoosha miguu. Alikuwa amevaa leso yake safi.

Jeruto alichuchumaa mbele yake. "Shikamoo, mama. Nimesikia unaumwa kifua. Kilianza lini?"

"Zamani."

"Zahanati wameandika mwezi wa kwanza."

"Zahanati wana haraka. Mimi kifua changu ni cha zamani." Alivuta hewa, akaishikilia, akaitumia kwa uangalifu. "Ni jiko, mwanangu. Miaka hamsini ninapikia kuni. Moshi wa jikoni ndio huu."

"Si moshi wa kiwanda?"

"Kile ni cha makapi tu. Hakijanisumbua."

Andati alitazama juu ya paa. Yakub alikuwa ameganda. Fauzia alimtazama yule mzee na moyo ukampasuka vipande viwili, kimoja cha hasira na kingine cha huruma, maana alijua Mama Umi hakuwa akimdanganyia Andati. Alikuwa akimlinda mwanawe kwa pumzi chache zilizobaki.

"Naweza kuona hilo jiko?" Jeruto aliuliza.

Walimwacha mzee barazani, wakazunguka nyuma. Jeruto aliinama akaingia jikoni kwa Fauzia, akamulika kuta kwa simu. Kuta zilikuwa nyeusi kama za jiko lolote la kuni. Alipitisha kidole ukutani akakiinua, masizi yakaonekana na kila mtu. Alipiga picha za mafiga, za sufuria, za kikapu cha vyombo ambavyo Fauzia alikuwa hajaviosha kwa sababu asubuhi yote ilikuwa ya matairi.

"Mama," alimwambia Fauzia, na sauti yake haikuwa mbaya, ilikuwa ya mwalimu, "moshi wa humu unaua polepole. Huyu ni mzee. Wewe kama mwenye jiko ndiye wa kumlinda. Kuna majiko ya kisasa yanayotumia kuni kidogo, nitakuachia karatasi yenye picha. Unajua kusoma?"

"Najua kusoma," Fauzia alisema.

"Basi usome. Na umwondoe mama karibu na moshi wako."

Rosebella aliangalia pembeni kwa aibu ya mwenzake. Andati alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za kusikitisha. Jeruto aliegemeza daftari lake kwenye nguzo ya banda la kuku, hatua moja kutoka kwenye turubai, akaanza kuandika. Fauzia aliweza kuliona lile neno la kwanza: *Jiko*. Kutoka barazani Mama Umi alianza kukohoa. Kilikuwa kile kikohozi kisichokuwa na mwisho, cha kuvuta na kukosa, na kati ya kikohozi kimoja na kingine aliendelea kusema kwa nguvu ili asikike huko nyuma, "Ni jiko. Ni jiko tu."

Fauzia alimtazama mumewe kwa mara ya mwisho. Yakub alikuwa ameziba masikio kwa viganja, mtu mzima, mbele za watu.

Basi Fauzia aliinama, akaondoa kuni zake moja baada ya nyingine, bila haraka, akaziweka kando. Kisha akashika ncha ya turubai akaivuta.

"Matairi haya mimi sipikii, dada," alisema.

Kuku mmoja alirukia juu ya tairi akasimama hapo. Jeruto aliyatazama matairi, akatazama magunia ya soli, akafunga kalamu.

"Ni ya nani haya?"

Andati alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Hii ni boma ya Yakub," alisema polepole. "Muulize mwenye boma."

Yakub alishusha mikono yake. Alimtazama Andati, si kwa hasira, bali kama mtu anayesoma kibao cha barabarani alichokuwa akikipita kila siku bila kukisoma.

"Yako hapa tangu saa mbili leo," Yakub alisema. "Yameletwa na trekta yake. Lakini anayeyatia motoni ni mimi. Kuanzia mwezi wa kwanza. Siku ya mvua kubwa ninatia kumi na mawili, siku ya mvua ndogo ninatia sita. Andika na jina langu. Yakub Osundwa."

Halafu akakimbia barazani kwa mama yake.

* * *

Kiwanda kilifungwa jioni ile ile, kwa mnyororo na karatasi iliyopigwa muhuri. Yakub aliandika maelezo mara mbili, akaonywa, akaachiliwa. Andati alitozwa faini. Lakini miwa iliyokuwa imekatwa haikuonywa wala haikuachiliwa. Ilikaa uwanjani ikipoteza maji, ikaanza kuwa myekundu ndani, na baada ya siku tano haikuwa na mtu wa kuitaka hata bure.

Kisimani, wanawake walimpisha Fauzia achote kwanza. Kwa mtu asiyejua, ingeonekana ni heshima. Walimpisha ili aondoke haraka waendelee na maneno yao. Siku moja alikuta mtu ameandika kwa mkaa kwenye ukuta wa choo chao cha nje: *Hapa wanakula hewa.* Alipafuta kwa maji na majivu kabla mumewe hajapaona.

Rosebella alikuja mwenyewe, mchana, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Mama Raisa, sikuja kugombana," alisema. "Wajukuu wangu pia wanakohoanga. Yule mdogo alilazwa mwezi uliopita, unajua. Ulifanya vizuri." Alivuta kigoda karibu. "Lakini ungengoja siku tatu. Miwa yangu ilikuwa imebaki siku tatu tu ikamuliwe."

"Yule afisa asingengoja siku tatu."

"Najua. Nakuambia tu jinsi moyo unavyosema." Alijipangusa mikono kwa gauni ingawa haikuwa na kitu. "Nimelima ile miwa miezi kumi na minane. Kwanza jua likaiunguza, sasa mvua imeiozesha. Nikitafuta wa kumlaumu, mbingu ni mbali. Wewe uko karibu."

Fauzia alimmiminia chai. Walikunywa, na Rosebella alipoondoka alisahau, au hakusahau, kumpa mkono.

Yakub alianza kukata miwa ya watu huko karibu na mto, kazi ya vijana. Alirudi na mikono iliyochanwa na majani, akala, akalala. Hakumlaumu mkewe. Usiku mmoja tu, kabla ya kuzima taa, alisema, "Lile turubai lilikuwa langu kulivuta." Fauzia alijibu, "Ndiyo," kwa kuwa hakutaka kumdanganya. Baada ya hapo mambo baina yao yalikuwa mepesi zaidi.

Aliyekuwa mzito ni Mama Umi. Moshi mweusi ulikoma, na ndani ya wiki mbili aliweza kutoka barazani hadi chooni bila kupumzika. Lakini hakuongea na Fauzia. Alipokea chakula mkononi mwake, akala, akasema "Alhamdulillahi" kwa ukuta. Akitaka maji alimwambia Yakub, na Yakub asipokuwepo alivumilia kiu. Siku kumi na saba zilipita hivyo.

Siku ya kumi na nane Fauzia alikuwa akimpaka mafuta miguuni, maana kazi hiyo hawakuwahi kuiacha hata waliponuniana.

"Ulinifanya mwongo mbele za watu," Mama Umi alisema ghafla. "Katika uzee wangu. Mbele ya yule msichana wa watu, mbele ya Rosebella."

Fauzia hakuinua kichwa. Aliendelea na kisigino, palipopasuka. "Mama, umenilea miaka kumi na tisa. Ningekuzika, na karatasi ya serikali ingesema umeuawa na jiko langu. Raisa angeisoma. Angejua mama yake ndiye aliyemwua bibi yake."

Mzee alifikiri. Nje mtu alikuwa akipasua kuni.

"Hilo sikuliona," alisema. "Nilimwona Yakub peke yake." Kisha akasukuma mguu wa pili mbele. "Na huu unauma zaidi."

* * *

Wiki ya tano tangu kiwanda kifungwe, Andati alikuja kwa miguu, bila koti. Alikuwa amekonda. Waliketi wote barazani, na safari hii alimsalimia Fauzia kwa jina la mtoto wake.

"Mama Raisa, habari za nyumbani. Yakub." Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya goti. "Wamekubali nifungue. Nimeahidi kwa maandishi kwamba sitachoma tena vitu vile. Nimejaribu watu wawili kwenye tanuri kwa majaribio, mmoja ameniunguzia karai, mwingine ameacha maji yakachacha. Nakutaka wewe, Yakub. Na kuna hii karatasi. Ni ya walalamikaji. Mkitia sahihi kwamba hamna lalamiko tena, mambo yatakwenda haraka. Hasa mama, kwa kuwa jina lake ndilo la kwanza."

"Na makapi yakilowa?" Fauzia aliuliza.

"Mambo hayo tutayarekebisha polepole. Jua limerudi sasa."

Ilikuwa kweli, jua lilikuwa kali. Masika yalipaswa kuwa yameanza wiki mbili nyuma na mbinguni hapakuwa na wingu hata moja. Wakulima walikuwa wamepanda mahindi kavukavu, wanangoja.

"Jua hili la leo," Yakub alisema, "na Januari ilinyesha. Mimi siwezi tena kujua moto wangu utakula nini kesho."

Andati alimgeukia yule mzee, akapunguza sauti, akawa kijana wa jirani. "Mama, wewe unanijua. Ulisema mwenyewe siku ile kwamba kiwanda hakijakusumbua. Rudia tu maneno yako, uweke kidole hapa."

Mama Umi aliitazama ile karatasi. Alikuwa amekaa wima, bila kuegemea.

"Andati, mwanangu," alisema, "siku ile nilidanganya. Nilikohoa juma zima kwa uongo ule mmoja. Sasa pumzi zilizobaki si nyingi, na nina swala tano kila siku. Sina pumzi ya kudanganya mara ya pili."

Andati alikunja karatasi yake. Kisha akauliza, kwa uchungu lakini akitaka kweli kujua, "Sasa nyinyi mnataka nini? Nifunge kabisa?"

"Hapana," Yakub alisema. "Jenga banda la makapi. Bati juu, wazi pande mbili upepo upite. Makapi yakiingia makavu yanakaa makavu, hata inyeshe mwezi."

"Bati ngapi?"

"Themanini."

"Themanini," Andati alirudia, akainuka akavaa viatu.

Mvua zilikuja siku tisa baadaye, zote kwa pamoja, zikabomoa daraja dogo la Osiako. Wakati huohuo lori liliteremsha mabati kiwandani. Yakub alikwenda kuyaona, akasaidia kupigilia misumari siku mbili, akarudi nyumbani amelowa.

"Ameleta arobaini," alimwambia mkewe.

"Nusu."

"Nusu. Amesema mengine msimu ujao." Alivua fulana akaikamua nje ya mlango. "Ameniomba nianze Jumatatu."

Fauzia alikuwa akipakua. Ndani, Mama Umi alikuwa akisikiliza.

"Nusu hiyo inafika wapi?"

Yakub alipiga hesabu kwa vidole, kama afanyavyo mbele ya tanuri. "Ikinyesha mfululizo, makapi yaliyofunikwa yanawaka siku tatu. Nikibana sana, siku tatu na asubuhi moja."

"Na siku ya nne?"

Yakub aliketi, akavuta sahani.

"Siku ya nne," alisema, "mtanikuta hapa nyumbani. Nimeshamwambia."